Ukucha wa Mguu Ukiumia au Kung'oka: Tiba Yake, Udhu na Sala

 

Tumeletewa suala na mama mmoja wa Pemba. Mwanawe, kijana wa miaka ishirini na kitu, yuko Haneti, Dodoma, kwenye machimbo ya mawe. Jiwe limemuangukia mguuni, ukucha wa kidole gumba umepasuka, na siku ya tatu yake ukanyanyuka na kung'oka nusu. Wenzake Waislamu hapo kambini wamegawika. Mmoja kamwambia atie maji tu kama kawaida, kwani udhu hautimii kidole kikiachwa. Mwengine kamwambia aache kusali mpaka apone, kwani mgonjwa hana lawama. Kijana kafuata la pili, na zimepita siku kumi bila ya Sala. Mama anauliza: Sala hizo zina hukumu gani, na mwanawe afanye nini na kidonda chake?

Wote wawili waliomshauri wamekosea. Kwa kuwa jambo la ukucha halimpati mchimbaji peke yake, bali linaingia kila nyumba ya visiwa vyetu, tumeona tulieleze kwa urefu kidogo.

Haneti, kwa asiyeijua, ni kata katika wilaya ya Chamwino, kaskazini ya jiji la Dodoma. Ni nchi kavu, yenye msimu mmoja wa mvua unaoanza kiasi cha Disemba na kumalizika Aprili. Vilima vya huko vina jiwe la kijani liitwalo krisoprezi, ambalo ukijani wake unatokana na madini ya nikeli yaliyomo ardhini. Ni jiwe gumu kuliko kioo, na likivunjika huacha ncha kali. Wachimbaji wadogo hulitoa kwa sululu, nyundo na mtaimbo, na asiyekuwa na uwezo wa kununua mabuti huingia kazini na ndara. Hapo ukucha hauna kinga.

Tuanze na tiba, kwa sababu hukumu ya udhu itajengwa juu yake.

Ukucha tunaouona ni kitu kisicho na uhai. Sehemu iliyo hai ni mzizi wake, uliojificha chini ya ngozi pale ukucha unapoanzia, pamoja na nyama laini ambayo ukucha umeilalia. Mzizi ukisalimika, ukucha utarudi hata ukitoka wote. Lakini utarudi polepole. Ukucha wa mguu hukua kiasi cha milimita moja na nusu kwa mwezi, na ule wa kidole gumba huhitaji mwaka mzima mpaka mwaka na nusu kukamilika. Wa mkono hukamilika kwa miezi sita hivi. Kwa hiyo mtu asivunjike moyo akiona miezi mitatu imepita na kidole bado kiko wazi.

Siku ya kuumia, mguu uoshwe kwa maji safi yanayopita na sabuni, mchanga na vumbi la jiwe litoke. Kisha kidole kibanwe kwa kitambaa safi dakika kumi au zaidi bila ya kufunuafunua, na mguu unyanyuliwe juu ya mto mpaka damu isite. Ukucha ulionyanyuka nusu usivutwe kwa nguvu. Sehemu iliyoachia kabisa, yenye kukamata nguo na soksi, inaweza kukatwa kwa mkasi safi, na iliyoshika iachwe, kwani inaisitiri nyama iliyo chini yake. Kidonda kipakwe vaselini safi ili bendeji isigande, kisha kifungwe bila ya kukaza. Bendeji ibadilishwe kila siku, na kila inaporowa au kuchafuka. Baada ya siku kadhaa, nyama iliyo wazi huanza kukauka na kuwa ngumu.

Pigo likiwa zito na ukucha haukutoka, damu hukusanyika chini yake, ukawa mweusi na kidole kikapwita kwa maumivu yasiyomwacha mtu kulala. Muuguzi au daktari anaweza kutoboa kijitundu kwenye ukucha, damu ikatoka na maumivu yakapungua papo hapo. Kazi hii ina faida zaidi ikifanywa siku ya kwanza au ya pili, kabla damu haijaganda. Isifanywe nyumbani kwa sindano iliyochomwa kwenye mshumaa. Na kidole kilichopinda, au kisichoweza kukanyaga kabisa, kinahitaji eksirei, kwani chini ya ukucha kuna mfupa na huenda umevunjika.

Na lipo jambo ambalo vijana wa kiume hasa hulisahau, nalo ni chanjo ya pepopunda. Mama zetu huipata kliniki wanapokuwa waja wazito, lakini mwanamume mara nyingi huwa hajachanjwa tangu utotoni. Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na katika kinyesi cha wanyama, na kidonda cha machimboni kimejaa udongo. Kikiwa kidonda kichafu na miaka mitano imeshapita tangu chanjo ya mwisho, au mtu hakumbuki alichanjwa lini, aende zahanati akachanjwe siku hiyo hiyo.

Hapa hatuna budi kusema juu ya vitu ambavyo watu hubandika kwenye vidonda: kinyesi cha ng'ombe, majivu, ugoro, mafuta ya taa, hata unga wa betri. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, vinyesi vya wanyama vyote ni najisi, awe ng'ombe au punda. Aliyebandika kinyesi juu ya kidonda, hali ya kuwa dawa safi inapatikana, amejikusanyia mawili: amebeba najisi katika Sala yake, na amekipeleka kidonda kwenye pepopunda kwa mkono wake. Vilivyobaki, hata kama si najisi, vinaunguza nyama na kuchelewesha kupona. Hatuoni sababu ya kuvihurumia kwa jina la dawa za wazee. Wazee walitumia walichokuwa nacho.

Tukija kwenye udhu, wa kwanza kujibiwa ni yule aliyesema "tia maji tu". Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba walikuwa safarini na mmoja wao akapigwa na jiwe kichwani. Kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawaoni ruhusa hali maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alipopewa habari aliwakasirikia sana. Alieleza kwamba wao ndio waliomuua, na kwamba walipokuwa hawajui ilikuwa wajibu wao kuulizia. Katika riwaya hiyo imetajwa pia kwamba ingemtosha kutayamamu, kufunga kidonda chake, kupangusa juu ya kile kitambaa na kuosha mwili uliobaki. Wanachuoni wa hadithi wameizungumza sehemu hii ya mwisho na wako walioidhoofisha, lakini mafaqihi wa kishafii wamekwenda katika hukumu kwa namna hii hii.

Lakini kwanza tujue lini maji huwa ni udhuru. Si kila kidonda huzuia maji. Kinachozingatiwa ni madhara: kidonda kuharibika, kupona kuchelewa, au maumivu makali yasiyo ya kawaida. Hilo hujulikana kwa kauli ya tabibu mwaminifu au kwa mtu mwenyewe aliyejijaribu akaona. Na ilivyo ni kwamba kidonda cha ukucha, baada ya siku za mwanzo, matabibu wenyewe huamuru kioshwe kwa maji safi. Akishaambiwa hivyo, mtu huyo hana udhuru tena wa maji safi. Ataosha kidole chake katika udhu, atakikausha na kukifunga upya. Tatizo kubwa la sehemu kama Haneti ni maji yenyewe. Maji ya lambo wanayokunywa ng'ombe si sawa na maji yaliyochemshwa. Aliyeonywa na tabibu asiingize kidonda katika maji kama hayo, naye hana mengine, huyo ana udhuru.

Aliyethibitikiwa na udhuru, na kidole chake kimefungwa, afanye hivi. Atatawadha kwa mpango wake: uso, mikono, kupaka kichwa. Akifika kwenye mguu wenye kidonda, ataosha sehemu yake nzima, vidole vinne na nyayo na visigino, kwa uangalifu maji yasiingie kwenye bendeji. Kisha atapangusa bendeji yote kwa mkono uliorowa, na atatayamamu kwa ajili ya ile sehemu isiyooshwa. Akianza na tayamamu kabla ya kuosha mguu huo ni sawa, muradi asiukamilishe udhu akaiacha. Ikiwa kidonda kiko wazi bila ya bendeji, hakuna kupangusa. Ataosha panapoosheka na kutayamamu basi. Tayamamu yenyewe ni uso na mikono kwa udongo twahara wenye vumbi. Dodoma vumbi halitafutwi. Sisi wa pwani tukumbuke kwamba mchanga wa ufukweni uliooshwa na bahari, usio na vumbi, hautoshi katika madhehebu yetu.

Kwa kila Sala ya faradhi atatayamamu upya, na ikiwa udhu wake haujatenguka halazimiki kuurudia. Madhehebu ya Hanafi hayadai tayamamu pamoja na kupangusa, na aliye katika dhiki akawafuata wao kwa elimu hatumkemei.

Bendeji ina masharti mawili. La kwanza, isichukue ngozi nzima zaidi ya inavyohitajika ili ishike. Kidole kimoja kimeumia, basi usifungwe mguu mzima mpaka kwenye kifundo. La pili, ifungwe mtu akiwa na twahara. Akitimiza mawili haya, Sala zake hazirudiwi akishapona, kwa sababu kidonda kiko mguuni na si katika viungo vya tayamamu. Sasa, nani aliyetawadha kabla ya kuangukiwa na jiwe? Lakini bendeji ya ukucha hubadilishwa kila siku. Basi anapoifungua, atawadhe kwanza, aoshe pembezoni mwa kidonda panapoosheka, atayamamu, kisha ndio afunge mpya. Jambo ni la dakika tano, na linamwondolea deni la kurudia Sala. Madhehebu ya Hanafi na Maliki hayakuweka sharti hili la twahara.

Kuhusu damu: kutoka damu kidoleni hakutengui udhu kwetu, na damu ya kidonda cha mtu mwenyewe inasamehewa maadamu hakuipaka makusudi mahali pengine. Ndugu zetu wa Hanafi na Ibadhi wao wanaona damu inayotiririka inatengua udhu, basi kila mmoja na afuate alichosomeshwa, na mabishano msikitini yaachwe.

Wako wanaodhani kwamba Sahaba hawakupatwa na mambo madogo kama haya. Abu Musa al-Ash'ari, radhi za Allah ziwe juu yake, ameeleza katika hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim kwamba walitoka vitani watu sita wakipokezana ngamia mmoja, na nyayo zao zikachubuka kwa kutembea. Yeye mwenyewe kucha zake zilianguka. Wakazifunga nyayo zao kwa vipande vya nguo, na vita hivyo vikaitwa Dhatu Riqaa kwa sababu ya vitambaa hivyo. Kisha Abu Musa akachukia kuwa ameyataja, kwani hakutaka kuidhihirisha amali yake. Na ni katika vita hivyo hivyo, kwa mujibu wa riwaya mashuhuri, Mtume aliwasalisha Sahaba zake Sala ya khofu. Watu wana vitambaa miguuni, adui yuko mbele yao, na Sala ikasaliwa kwa wakati wake. Hilo ndilo jibu la yule aliyemwambia kijana wetu aache mpaka apone. Maradhi hupunguza namna ya Sala. Hayaiondoi, maadamu akili ipo.

Asiyeweza kusimama kwa maumivu atasali kitako. Asiyeweza kufika msikitini Ijumaa atasali Adhuhuri alipo. Na kuna suala tuliloulizwa mara nyingi na wacheza mpira: katika kusujudu, ni lazima kidole gumba kigandamizwe chini? Si lazima. Kinachowajibika kwetu ni sehemu ya matumbo ya vidole vya kila mguu kugusa chini, na hata kidole kimoja kinatosha. Kidole kilichoumia kinyanyuliwe, vyengine vifanye kazi.

Ama Sala za zile siku kumi, kijana atazilipa. Ni Sala hamsini, na Ijumaa aliyoikosa atailipa kwa Adhuhuri. Aanze leo, asingoje kupona. Ni bora azifuatishe kwa mpango wake, ya mwanzo kwanza, na anaweza kuzisali saa yoyote ya usiku na mchana. Akisali kila baada ya faradhi ya wakati wake Sala moja au mbili za kulipa, na nyengine kadhaa usiku, atamaliza ndani ya muda mfupi. Ikiwa bado yuko katika tayamamu, kila Sala anayolipa ina tayamamu yake. Lakini siku kumi zimeshapita, na huenda kidole kimeshakauka. Aulize zahanati leo kama maji safi yanamdhuru. Wakimwambia hayamdhuru, basi tayamamu imekwisha na ataosha. Na mama asimlaumu kwa ukali kwenye simu. Hakuacha Sala kwa kuidharau, aliambiwa neno akalishika.

Huku kwetu visiwani hakuna krisoprezi, lakini kucha zinang'oka. Mama wa mwani wa Paje na Jambiani hujikwaa kwenye matumbawe wakati maji yametoka, watoto hucheza mpira pekupeku, na mageti ya chuma hayana huruma. Wote hawa hukumu zao ni hizo hizo. Tunayemhofia zaidi ni mzee mwenye sukari. Sukari ikikaa muda mrefu huua hisia za miguu, na mtu huumia ukucha asijue, akaja kuona usaha siku ya tano. Katika watu hawa kidonda cha ukucha ndicho kinachoweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Mwenye sukari asikatwe ukucha ulionyanyuka nyumbani, asingoje kuona, aende hospitali siku hiyo hiyo. Miguu yake iangaliwe kila usiku kwa macho, na kama hawezi kuinama, mwanawe amwangalilie. Wakati wa kutawadha ni fursa nzuri ya kufanya hivyo, na baina ya vidole pakaushwe. Mtu mwengine yeyote akiona usaha, uvimbe unaopanda mguuni, joto la kidole lisilotulia au homa, naye asibaki nyumbani.

Kuna weusi mwengine chini ya ukucha ambao haukutokana na pigo. Damu ya pigo husogea mbele pamoja na ukucha unapokua, mwishowe ikakatwa na kwisha. Mstari mweusi usiosogea, unaopanuka, au unaoingia kwenye ngozi ya pembeni, unataka daktari, kwani huenda ni saratani. Mwanamuziki wa Jamaica, Bob Marley, alikutikana na saratani hiyo chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu mwaka 1977, baada ya kudhaniwa kwamba ni jeraha la mpira. Alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36.

Limebaki suala dogo la ukucha wenyewe uliotoka. Si najisi, na ni sunna kuufukia. Hakuna haja ya kuuficha kwa kuogopa wachawi. Ukidondoka mtu akiwa na udhu, udhu wake haukutenguka, na halazimiki kuosha palipofunuka mpaka udhu unaofuata. Kuanzia hapo ngozi iliyokuwa chini ya ukucha imekuwa ya nje, na itaoshwa kama vidole vyengine itakapokuwa maji hayaidhuru. Ukucha mpya ukianza kutokeza ukatwe kwa unyoofu, pembe zake zisichimbwe ndani, kwani hapo ndipo ukucha huingia kwenye nyama na kidonda kikaanza tena. Aliye katika ihramu ukucha wake ukavunjika na ukamuudhi, anaruhusiwa kukiondoa kile kipande kilichovunjika wala hana fidia.

Wallahu aalam.